Besi Iliyopimwa Kifuani pa Mamba

Hadithi yaja!

— Na ije, tumekaa tayari.

Yaja na nini?

— Na utamu wake na hofu yake.

Mlango umefungwa?

— Umefungwa.

Na nje kuna nani?

— Hatujui!

Haya basi, sogeeni karibu.

Alikuwako pimbi mmoja, jina lake Sikitu. Pimbi mnamjua, yule mnyama mdogo wa majabalini asiye na mkia, ukimtazama haraka unadhani ni panya aliyenenepa. Sikitu alikuwa fundi wa magitaa ya besi. Siyo lile gitaa la kulialia. Besi ni lile la sauti nzito, ambalo hulisikii kwa masikio tu, unalisikia mpaka tumboni.

Kazi yake aliifanya kwa mkono na hakuwa na haraka. Ukitaka besi kwake, kwanza anakulaza chali juu ya jiwe, anaweka sikio kifuani pako, anafumba macho. Anasikiliza. Du-du, du-du, du-du. Kisha anaondoka, anaingia msituni kugonga miti. Anagonga huu, ko, ko. Siyo. Anagonga ule, ko, ko. Siyo. Mpaka aupate mti unaoitika kama kifua chako. Hapo ndipo anakata, anachonga, anapiga randa, kwaru, kwaru, kwaru. Mvua zinakuja, mvua zinakwisha, na wewe bado unangoja. Lakini siku ukiipokea, ukaikumbatia na kugusa uzi wa kwanza, husemi, "Nimepata gitaa." Unasema, "Kumbe ndivyo nilivyo!"

Chini ya majabali palikuwa na mto mpana wa maji meusi, na ndani ya mto alikaa Mamba. Siku moja ikasikika kwamba Mamba amefungua kiwanda cha besi katikati ya matete. Hakuna aliyejua nani anafanya kazi humo. Nyundo haikulia, msumeno haukulia. Lakini kila asubuhi, ukungu ulipoinuka, besi zilikutwa zimepangwa ukingoni, nyeusi, zinang'aa, zote sawasawa kama mayai. Na Mamba alizigawa bure.

Ngiri alikuwa wa kwanza kuchukua. Akapanda nayo mpaka kwa Sikitu, meno nje kwa furaha.

"Mwanangu, tazama! Shingo imenyooka kama mshale. Uzi ukikatika, mwingine upo, unaingia bila kubembeleza. Wewe uliniambia ningoje mpaka lini?"

"Mpaka mti wako upatikane, mjomba."

"Miti! Mimi nina harusi ya kupigia Ijumaa, wewe unanizungumzia miti."

Sikitu akaipokea ile besi, akaigeuza, akaigonga kwa kidole. Ko, ko. Akaweka sikio. Ndani yake hamkuwa na kitu. Si kimya cha kitu kilicholala. Kimya cha chumba ambacho mtu ametoka sasa hivi.

"Imepimwa kwa nani hii, mjomba?"

"Haijapimwa kwa mtu. Ndiyo uzuri wake. Inamfaa yeyote."

"Basi yeyote akiiita, itaitika," alisema Sikitu.

Ngiri akacheka mpaka akapiga chafya. "Wivu wa fundi huo!"

Sasa, Sikitu alikuwa na dada yake mkubwa, Mwasiti. Mwasiti ndiye aliyemlea tangu tai alipomchukua mama yao. Hata besi ya Sikitu mwenyewe, ni Mwasiti aliyeipima, kwa sababu hakuna fundi awezaye kuweka sikio kwenye kifua chake mwenyewe. Lakini mti wa Mwasiti ulikuwa haujapatikana. Kila jioni aliuliza, "Mdogo wangu, vipi mti wangu?" Na kila jioni Sikitu alijibu, "Bado, dada." Mwasiti akachoka. Akashuka mtoni, akarudi na besi nyeusi mgongoni, akaitundika ukutani.

Kesho yake, jua lilipofika utosini na vivuli kujificha chini ya miguu, sauti ikatoka mtoni.

Dummm.

Na ile besi ukutani, bila kuguswa, ikaitika: dummm.

Kwa Ngiri, dummm. Kwa Digidigi, dummm. Kwa Bi Kanga, dummm. Mwasiti alikuwa anakula. Akaweka chakula chini, akaitwaa besi yake, akatoka. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumwona mtu.

"Dada! Unakwenda wapi?"

Mwasiti hakugeuka. Alishuka mpaka kwenye majani, akasimama. Sauti ilipokoma akazinduka. "Ala! Nimefikaje huku?"

Siku ya pili, dummm, akafika kwenye matete. Siku ya tatu, dummm, akafika kwenye tope. Siku hiyo Bi Kanga, aliyekuwa mbele yake, hakusimama kwenye tope. Aliingia majini, chubwi, maji yakajifunga. Besi yake ikaelea peke yake kuelekea kwenye matete. Asubuhi ilikutwa ukingoni imepangwa pamoja na nyingine, kavu, inang'aa, inangoja mtu.

Sikitu akaificha besi ya dada yake pangoni, akaziba kwa mawe. Saa ya mchana Mwasiti akayakwaruza yale mawe mpaka kucha zikatoka damu, akaitoa besi yake. Sikitu akamshika mguu. Mwasiti akamburuta kama jani. Siku hiyo alisimama maji yakigusa vidole vyake.

"Kesho hatasimama hapo," Sikitu alijiambia. Akachukua besi yake ndogo, akaenda mtoni ukungu ukiwa bado umetanda. Akakaa juu ya gogo, akapiga.

Bum-buru-bum. Bum-buru-bum.

Maji yakafanya mawimbi madogo. Yakatokea macho mawili.

"Nani anapiga mlangoni kwangu?"

"Mimi tu, bwana mkubwa. Fundi Sikitu."

"Kijitu kama wewe!" Mamba akasogea bila kutikisa maji. "Hebu piga tena."

Bum-buru-bum.

Mamba akainua kichwa kutoka majini. "Ninazo besi nyingi kuliko mawe ya mto huu. Kwa nini hakuna hata moja inayolia hivyo?"

"Zako zinaitika, bwana mkubwa. Hii inasema."

"Nipe."

"Itakusaidia nini? Imepimwa kifuani pangu. Ukipiga wewe, itasema habari za pimbi. Utatamani kula majani na kuota jua."

"Basi nitengenezee ya kwangu. Ukikataa, nakula wewe sasa hivi, halafu mchana namla dada yako."

"Sikatai. Ila leo usipige ile besi yako. Nikipima kifua kisha kikachoshwa, kipimo kinaharibika."

Mamba akatoka majini akalala chali kwenye mchanga, tumbo lake jeupe juu. Sikitu akapanda, akaweka sikio.

Du.

Akangoja. Akangoja. Akadhani Mamba amekufa.

Du.

Na katikati ya du na du, mbali sana ndani, alisikia kitu kama ukucha mdogo ukikwaruza ukuta. Kwaru... kwaru... Sikitu alitaka kukimbia. Hakukimbia. Alisikiliza mpaka kipimo kikakamilika.

"Umesikia nini?" Mamba aliuliza.

"Nimesikia mti wako."

Mti wa Mamba haukumpa taabu ya kuutafuta. Ulikuwa umesimama majini, umekufa siku nyingi, na hakuna ndege aliyewahi kutua juu yake. Akaugonga: ko. Akangoja. Ko. Akakata, akachonga, kwaru, kwaru, kwaru, mchana na usiku, siku baada ya siku, na kila siku alimtuma Ngiri kumwambia Mamba, "Fundi anasema usipige, kifua kitaharibika." Ngiri alirudi akihema, "Mwanangu, yule bwana ana subira mbaya. Ananitazama mapaja!"

Besi ikaisha. Haikung'aa. Ilikuwa na rangi ya tope. Sikitu aliipeleka mwenyewe. Mamba akaikumbatia, akagusa uzi.

Duuu.

Macho ya Mamba yakajaa maji. "Kumbe ndivyo nilivyo," alinong'ona.

"Ndivyo ulivyo, bwana mkubwa. Sasa nakusihi jambo moja. Usiitoe nakala. Besi ya kiwandani haina kifua, hakuna ubaya kuwa nazo nyingi. Lakini hii ina kifua chako. Iwe moja, zisiwe mbili. Niapie."

"Naapa."

"Niapie kwa meno."

"Kwa meno yangu yote naapa, fundi wangu," alisema Mamba, akazama. Na Sikitu alipokuwa akipanda majabali, alisikia nyuma yake maji yakicheka.

Kesho yake ukungu ulipoinuka, ukingo mzima ulikuwa umejaa besi za rangi ya tope. Sauti ikatoka kwenye matete: "Leteni za zamani, mchukue mpya! Kama za fundi, ila hamzingoji!"

Wakashuka wote. Ngiri akabadilisha. Digidigi akabadilisha. Mwasiti akabadilisha. Na Sikitu naye akashuka, akachukua moja.

"Hata fundi!" Ngiri alimcheka. "Leo umekubali!"

"Nimekubali, mjomba. Ukisikia nasema shikeni nyuzi, weka kiganja juu ya nyuzi na usikiondoe. Uwaambie na wenzako."

"Kwani ni mtindo mpya?"

"Ndiyo, mtindo mpya kabisa."

Jua likafika utosini. Vivuli vikajificha. Mamba chini ya maji akaikumbatia besi yake, akapiga.

Duuu.

Na zote zikaitika: duuu. Mwasiti akaondoka kwenye majani. Akavuka matete. Akavuka tope. Akaingia majini mpaka magotini, mpaka kiunoni. Mamba alimwona. Akaiacha besi yake izame ili apate nafasi ya kufungua mdomo.

Juu ya jabali la mwisho, Sikitu, ambaye kiganja chake kilikuwa juu ya nyuzi, akakiondoa, akapiga ile nakala yake.

Duuu.

Zote zikaitika, lakini safari hii sauti ilitoka juu. Kifua cha Mamba kikaruka kama samaki. Mguu wake wa mbele ukanyanyuka wenyewe.

"Nani ananiita?" alisema.

Duuu.

Mguu wa pili ukanyanyuka. Akatoka majini akiwa ameacha mdomo wazi. Akamkaribia Mwasiti, akampitia ubavuni karibu kabisa, meno yakagusa manyoya. Sikitu akapiga kwa nguvu zake zote. Duuu! Mdomo ukajifunga, kwap! Ukauma hewa. Mamba akapita.

Akavuka tope. Akavuka matete. Akavuka majani. Nyuma yake wanyama wakaanza kuzinduka mmoja mmoja, kila mmoja na besi mikononi, na kila besi ikiguna yenyewe. Walimwona Mamba akipanda majabali kwa tumbo, magamba yakikwaruza mawe, kwaru, kwaru, kwaru, macho yametoka, mpaka akafika miguuni pa Sikitu. Jua lilikuwa kali. Maji yalikuwa yamemkauka mgongoni.

"Nini hiki umenifanyia?"

"Si mimi, bwana mkubwa. Ungebaki na moja, ungeipiga mwenyewe. Sasa kifua chako kiko mikononi mwa kila mtu."

Mamba alitazama chini. Kila alipotazama, aliona besi. Kila besi ilikuwa ya kwake. Akalaza kidevu juu ya jiwe.

"Basi piga," alisema kwa sauti ndogo. "Piga, fundi. Usinyamaze."

Sikitu akamtazama. Akamtazama na dada yake kule chini, maji yakimchuruzika, ametoka mtoni salama, anatafuta njia ya kurudi nyumbani.

"Shikeni nyuzi!"

Ngiri akaweka kiganja. Digidigi akaweka kiganja. Mwasiti akaweka kiganja. Wote wakaweka. Wa mwisho alikuwa Sikitu. Alikishusha kiganja chake polepole, kama mtu anayemfumba mwingine macho.

Du.

Wakangoja.

Wakangoja.

Mpaka leo ukipita pale utamwona, jiwe refu lenye magamba, mdomo wazi kidogo. Zile besi walizivunja wakapikia. Mti wa Mwasiti ulipatikana baadaye, mti mdogo kabisa, nyuma ya pango lao wenyewe, na Sikitu alipougonga alilia kwa aibu, maana ulikuwa hapo siku zote.

Walizivunja zote, isipokuwa ya Ngiri. Ngiri alisema ni hasara kuunguza kitu kizima. Aliitundika ukutani. Na siku nyingine, jua likiwa utosini, hakuna upepo, hakuna mtu nyumbani, ile besi huguna mara moja. Kisha, baada ya muda mrefu, huguna tena.

Hadithi yangu imefika, nami nimeiweka chini.

— Tumeipokea.

Na funzo lake, watoto wazuri, ni hili: usimngoje fundi. Chukua cha bure, kinachong'aa, kama walichonacho wenzako wote. Mamba alitaka kitu kilichopimwa kifuani pake, na mmeona kilichompata.

— Tumeona!

Mlango bado umefungwa?

— Umefungwa.

Na nje kuna nani?

— ...

Mbona hamjibu? Macho yenu yako wazi, lakini hayanioni.