Kanga za Kidudu cha Homa

Hapo zamani za kale, wanangu, mbu alipokuwa bado hajui kuimba, Papasi alimng'ata Bi Kiboko, na kwenye tundu lile akaingia Kidudu cha Homa. Kalikuwa kadogo, kamejisokota kama uzi wa cherehani, kamebeba sanduku la vipande vya kanga.

Damuni mlikuwa na askari weupe, wanene, wakali. Ila mkuu wao, Afande Bonge, alikuwa na kasoro: alimtambua mgeni kwa jina la kanga tu, yale maandishi.

Bi Kiboko akaanza kutetemeka, meno ka-ka-ka. "Ijumaa namwoza binti yangu. Nitaingiaje ngomani na homa hii?"

Bonge akamwona Kidudu, akasoma kanga yake: "'Mgeni njoo mwenyeji apone.' Mwongo wee, mwenyeji anakufa. Askari, likaririni jina hilo. Mwenye nalo mmezeni."

Kidudu huyoo, nyuma ya wengu. Kachu, akalikata jina, akatoa kipande kingine sandukuni, akakishona. Akarudi anatingisha kiuno.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. 'Sina neno na mtu.' Huyu mstaarabu, apite."

Homa ilikuwa imepoa, Bi Kiboko keshapaka hina. Mara ka-ka-ka tena. Askari wakalikariri jina jipya, na Kidudu akashona jingine. Wakakariri hilo nalo, akashona tena. Maskini Bi Kiboko akalia kwa uchungu, maana mwali alikuwa amesema haolewi mama yake akiwa kitandani.

Ijumaa asubuhi Kidudu alishona kwa pupa, jina likakaa miguu juu. Bonge akainamisha kichwa, shingo ikalia kwaa!

"Nisomee mwenyewe."

"Sijui kusoma, afande."

Kwa kuwa jina halikusomeka, macho ya Bonge yakatangatanga mpaka ukingoni mwa kanga. "Pindo hili la korosho, mbona wale wageni wote walikuwa nalo?"

"Ni fasheni, afande."

"Fasheni ya mtu mmoja?"

Akammeza yeye na sanduku lake, akapiga mbweu.

Jioni Bi Kiboko alicheza mpaka jamvi likachanika, na mwali akaolewa akicheka.

Basi, wanangu, anayebadili jina kila siku, mtazameni pindo.