Aliyejua Siku za Ng'ombe Wake

Wapendwa, leo sina maneno matamu. Nivumilieni tu.

Kulikuwa na bwana mmoja, mfugaji, huku huku mlimani. Ng'ombe wake alikuwa mmoja, wa kufungiwa bandani na kuletewa majani. Lakini jamani, huyo bwana alimjua ng'ombe! Siku alipompandisha, aliandika tarehe kwa mkaa kwenye ukuta wa banda. Wiki tatu zikapita, akamtazama kama atalia kutaka dume tena. Kimya. Mwezi wa tatu akamwita bwana mifugo, naye akaingiza mkono, akasema, "Mimba ipo." Mwezi wa saba akaacha kumkamua kabisa. Nyumba nzima ikanywa chai ya rangi ili ng'ombe apumzike na ndama ashibe tumboni. Hata mbuzi wa jirani hakuruhusiwa kusogea, asije akampiga pembe. Nani hapa atamlaumu? Huyo ni mfugaji hasa.

Sasa majani yalikuwa yanaletwa na nani?

Na mke wake. Naye alikuwa mjamzito.

Asubuhi moja yule mama akasimama mlangoni pa banda, akasema, "Baba watoto, leo siwezi. Kichwa kinaniuma tangu juzi, miguu imevimba, na nikiinama naona nyota."

Mume hakugeuka. Alikuwa ameinama anakagua kiwele, maana kilikuwa kimeshajaa. Akasema, "Jikaze, mama. Ng'ombe siku zake za kuzaa zimefika. Akishinda njaa sasa hivi, ndama atatoka dhaifu. Na wewe si mara yako ya kwanza."

Mnacheka, akina mama? Mnaijua hiyo sauti.

Mama akaenda. Akakata majani kule bondeni, akajitwika, akapanda nayo. Saa sita mchana majirani wakamkuta ameanguka njiani, anatetemeka mwili mzima, mzigo umemlalia. Wakambeba mbio hadi kituo cha afya. Mmoja akakimbia kumwita mume, akamkuta bandani anamfuta ndama. Ndama jike, mzima kabisa, ameshasimama.

Mume akafika kituoni anahema. Nesi akamuuliza, "Mimba ina miezi mingapi?"

"Ni... ni kubwa kubwa hivi."

"Miezi mingapi, baba?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole, akakwama.

"Kadi yake ya kliniki iko wapi? Alikuwa anaumwa kichwa? Tangu lini?"

Akainama, akaangalia mikono yake, bado ina utelezi wa ndama. Mtu aliyejua siku ya ng'ombe! Mke wake hakuifikia jioni, na mtoto hakulia hata mara moja. Mume aliporudi nyumbani, ndama alikuwa ananyonya.

Haya, semeni basi. Mtu mbaya, siyo? Naona mnavyotikisa vichwa. Laiti angekuwa mtu mbaya, ningelala usingizi. Hakumpiga mke wake, hakulewa, na Jumapili alikaa kwenye benchi kama ninyi. Ni sisi, wapendwa. Tunamjua mnyama wetu tumboni mpaka mguuni, na aliye kitandani kwetu hatumjui. Halafu tukifika makaburini tunasema ni mapenzi ya Mungu. Mapenzi gani? Mungu ndiye aliyemtwika yale majani?

Mfano huu niliwapa mwaka juzi, kwenye msiba. Mkalia. Mkanishika mkono mlangoni, mkasema, "Mchungaji, leo umetugusa." Jumatatu nikakutana na wake zenu njiani, wameinamia mizigo ileile. Tangu hapo nimezika wengine wawili. Kwa kweli sijui tena nihubiri nini.

Na mimi msinitazame kama malaika. Asubuhi hii, nikija hapa, nimepita jikoni nyuma ya kanisa. Yuko mama mmoja pale, tumbo liko mbele, anageuza ugali wetu na wa wageni wetu wa leo tangu alfajiri. Nikamwambia, "Pumzika kidogo, mama." Akasema, "Nitapumzika mkishakula, mchungaji." Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mungu akubariki," nikaingia kuwahubiria ninyi.

Nimesimama hapa nusu saa nzima, na mlango uko wazi, na bado hakuna mwanamume hata mmoja aliyetoka kwenda kumpokea mwiko. Wala mimi.

Tukimaliza wimbo, tutakwenda kula.