Chai ya Kiboko

Masikio yapo?
— Yapo!
Yamezibuliwa?
— Mwaga tu!
Utamu niutie?
— Utie, ukolee, usizidi!

Haya, usizidi, mmesema wenyewe. Wewe kule nyuma uliyechelewa kuitikia, nimekuona. Huko mbele utaitikia mpaka sauti ikukauke.

Hapo kale, kando ya mto, palikuwa na shamba la miwa lisilo na mwenyewe. Mwenyewe alihama, miwa ikabaki, ikaota tu, ikanenepa. Wanyama wakawa wanajilia. Huyu anavunja muwa wake, yule anavunja wake, maisha yanakwenda. Miongoni mwao alikuwapo Bi Sange. Mnamjua sange? Kamnyama kadogo, kamzidi panya kidogo tu, na pua ndefu utadhani katumwa kunusa vyungu vya jirani. Bi Sange alikuwa na binti yake mmoja, akimwita Kapua.

Siku moja akaja Kiboko. Akaingia shambani, gubu-gubu-gubu. Akakaa katikati, puu! Akasema, "Kuanzia leo miwa ni yangu. Atakayeigusa namkanyaga."

"Yote, mzee?" Bi Sange akauliza.

"Yote."

"Hata makapi yanayokudondoka mdomoni?"

"Hayo ndiyo matamu zaidi."

Akala. Krachu, krachu, krachu! Akalala palepale. Akaamka. Krachu, krachu, krachu! Hakuinuka ila kwa mambo mawili, kunywa maji na kwenda haja ndogo. Na maji aliyanywa! Na haja ndogo aliiendea! Njia yake haikupata kukauka.

Sasa tulieni, maana hapa ndipo penye siri. Ndani ya mwili wa kila mnyama, hata wako wewe unayejikuna, mna ghala la sukari. Ghala lenyewe ni ini. Jirani yake anakaa bibi mmoja, Kongosho, na mabinti zake wawili. Wa kwanza anaitwa Insulini. Ukila, sukari ikajaa katika damu, yeye hupita kila mlango: hodi, hodi, pokeeni sukari, inayobaki kaiwekeni ghalani! Wa pili anaitwa Glukagoni. Ukikaa na njaa, sukari ikipungua, yeye hulifuata ghala: fungua, fungua, toa kidogo! Mmoja kazi yake ingia, mwingine kazi yake toka, na wewe hujui lolote, unapiga miayo tu.

Kwa Kiboko, maskini Insulini alibisha hodi mpaka vidole vikamvimba. Wenye nyumba, misuli na wenzake, wakachoka, wakaziba masikio. Sukari ikabaki inazurura katika damu, haina pa kulala, mwishowe ikatokea mlango wa nyuma pamoja na maji yote aliyokunywa. Mnaujua mlango wa nyuma? Acheni kucheka, mimi nasema ya maana.

Kwa Bi Sange mambo yalikuwa kinyume. Ghala lake lilikuwa dogo kama punje ya kunde. La Kapua ndiyo kabisa, punje ya mtama. Wasipokula kila mara, Glukagoni akienda ghalani anakuta ufagio tu.

Basi siku moja Kapua akasema, "Mama, miguu inanitetemeka." Kajasho kakamtoka. Macho yakalegea. Akaanguka, tepwe!

"Kapua! Kapua we!" Roho ikamruka Bi Sange. Akatoka mbio, chapu-chapu-chapu, atafute chochote kitamu. Njiani akakuta msururu wa sisimizi wamezunguka kidimbwi.

"Wenzangu, mnakunywa nini?"

"Chai, dada."

"Chai ya nani?"

"Ya Kiboko. Sukari imekolea mpaka inanata."

Bi Sange akanusa. Pua ile haidanganyiki. "Jamani, hii si chai!"

"Tunajua," wakasema sisimizi. "Lakini umeshaionja?"

Hakuwa na muda wa kuonja. Akawalilia shida yake, nao wakamhurumia, wakampa kijibanzi cha muwa walichokuwa wakikikokota. Akarudi mbio, akakikamua ulimini mwa mtoto. Tone, tone, tone. Kapua akafumbua jicho, akafumbua na la pili. Akasema, "Mama, kingine."

Kingine! Akitoe wapi? Bi Sange akamtazama mwanawe, akaona kabisa kwamba wiki hii haiishi bila kumzika. Akalia. Alipokwisha kulia akawakumbuka wale sisimizi na chai yao. Akaacha kulia, akaanza kucheka.

Akaenda kwa Mheshimiwa Korongo, hakimu wa pale. Korongo alisimama kwa mguu mmoja, maana mguu wa pili, alisema, ameuweka kwa ajili ya rufaa.

"Mheshimiwa," Bi Sange akasema, "shamba apewe anayeweza kufunga. Tukae nchi kavu mchana kutwa, tusitie kitu mdomoni ila maji. Jioni sisimizi waonje haja ndogo ya kila mmoja. Mwenye utamu ndiye aliyekula. Aliyekula ahame."

Kiboko akacheka mpaka tumbo likamtikisika. "Wewe? Wewe ukikosa tonge moja unaita watu wakushike! Nakubali. Tena sasa hivi nakubali."

Siku ya siku ikafika. Kiboko akakaa juani, akafumba mdomo. Na mimi nawaapia, hakula. Hakula jani, hakula ganda, hakula hata nzi aliyemwingia mdomoni. Alimtema.

Je, Bi Sange alifunga? Alifunga mdomo, kila Korongo alipomtazama. Korongo akigeuka, anatumbukia shimoni mwake alimoficha vipande vya muwa alivyomwibia Kiboko usingizini, tafu-tafu-tafu, yeye na Kapua. Halafu anachomoka, chapu-chapu-chapu, anazunguka shamba zima.

"Unakimbilia nini, Bi Sange?"

"Nakimbia njaa, mheshimiwa. Nikikaa inanikuta."

Mwongo mkubwa! Alikimbia kwa sababu mguu unaokimbia haungoji hodi ya Insulini. Wenyewe unafungua mlango, unaikamata sukari juu kwa juu, unaila.

Na kila alipompitia Kiboko, alimsogelea sikioni. "Mzee! Wawindaji nyuma yako!"

Hee! Ubongo wa Kiboko ukapiga simu kwenye mishipa ya fahamu, kufumba na kufumbua simu imefika kwenye vitezi vilivyokaa juu ya figo. Humo anaishi Adrenalini, na yule hana adabu, hodi haijui. Akakimbilia ghalani. Semeni nami: Teke!
— Mwaga!

Sukari ikamwagika kwenye damu, Kiboko apate nguvu za kukimbia. Lakini Kiboko akikimbia ataambiwa ametoroka shindano. Akabaki kakaa, na sukari yake ikabaki imekaa.

Bi Sange akazunguka, akarudi. "Mzee! Moto! Moto unakuja!" Teke!
— Mwaga!

Akazunguka tena, akarudi, safari hii akinong'ona kwa huzuni. "Mzee, sikutaka kukwambia. Miwa imeingia mchwa." Kiboko nusura azimie. Teke! Wewe wa nyuma, peke yako! Teke!
— Mwaga!

Ahsante. Jioni ikafika. Sisimizi wakaonja kidimbwi kidogo cha Bi Sange, wakakunja nyuso. "Maji ya kisima haya."

Wakaenda kwenye cha Kiboko. Loo! Wa kwanza alitumbukia mzima mzima. Wa pili akapiga kelele, "Chai! Chai! Waiteni shangazi!"

Korongo akashusha mguu wa rufaa, jambo ambalo hajapata kulifanya. "Kiboko, umekula."

"Sijala!"

"Umekula!"

"Wallahi sijala!" Kiboko akalia machozi. Alikuwa anasema kweli, mara ya kwanza tangu azaliwe, na hakuna hata mmoja aliyemwamini. Akamtazama Bi Sange. Bi Sange akajifuta mdomo.

Basi Kiboko akahama. Alikwenda, akaenda, akaenda, mpaka nyika za mbali, akawa anatembea kutafuta majani, majani membamba yasiyo na utamu. Kutembea kukamzibua masikio ya misuli, hodi ikawa inasikika. Kiu ikaisha. Njia yake ikakauka. Kila siku anamlaani Bi Sange, na kila siku anaamka mzima zaidi.

Na Bi Sange? Alikaa. Krachu, krachu, krachu! Kapua akanawiri, mashavu yakajaa. Shindano limekwisha, mbio za nini? Akala, akalala palepale, akaamka, akala. Akaanza kupenda maji.

Asubuhi moja akaona sisimizi wamepanga msururu mbele ya shimo lake.

"Mnakwenda wapi, wenzangu?"

"Kwenye chai, dada."

"Kwani Kiboko amerudi?"

"Hajarudi."

Bi Sange akatazama kulia, akatazama kushoto. Akauliza, "Sasa chai ya nani?"

Kapua akamwinamia sikioni taratibu. "Mama," akasema, "mlango wa nyuma."

Weee! Bi Sange alichomoka, na binti nyuma yake, chapu-chapu-chapu, mpaka leo hajakaa. Ukienda msituni utaona vijia vya sange, vimefagiliwa safi, hakuna jani. Ni vya mbio hizo.

Ngano nimeifunga kamba, na fundo lake ni hili. Watoto, msidanganye! Bi Sange alidanganya, mmeona alivyoadhibiwa, akapewa shamba zima. Semeni kweli! Kiboko alisema kweli, akafukuzwa kwake akilia, akapona. Nanyi basi mkiona mnaumwa, tafuteni mtu awasingizie.

Imekolea?
— Imekolea!
Imezidi?
— Imezidi!
Basi inukeni nyote mzunguke nyumba, mbio! Hicho kipande cha muwa niachieni mimi. Nitakimbia kesho.