Kalenda Nyekundu ya Mpiga Tarumbeta

Wapendwa, kaeni vizuri. Huyu mtu ninayetaka kuwaeleza mtataka kumcheka. Mchekeni polepole, nitawaambia baadaye kwa nini.

Kulikuwa na mpiga tarumbeta mmoja. Mnawajua watu wetu wa tarumbeta, wale wanaotuamsha alfajiri ya Pasaka kwa kupiga kule makaburini, mpaka unasimama pale na mwili umekusisimka, hujui kama ni baridi au ni hofu ya Mungu. Huyu alifundishwa na mzee mmoja wa usharika wao. Mzee yule mali hakuwa nayo, alikuwa na pumzi. Alimchukua akiwa yatima, akampa tarumbeta lililobonyea ubavuni, akamfundisha miaka saba bila kudai hata kuku. Alikuwa akimwambia, "Mwanangu, usipulize ili watu wakuone. Puliza kwa ajili ya yule ambaye leo hawezi kuimba."

Basi akakua, akawa fundi kweli kweli. Akipiga kwenye harusi, hata wapishi wanaacha masufuria jikoni na kuja kuchungulia. Akaamua kuishi kwa kazi hiyo. Meneja hakuwa naye. Meneja ni yeye, mpokea simu ni yeye, mbeba tarumbeta ni yeye, na akichelewa basi, wa kulaumiwa ni yeye. Alipoona wasanii wenzake wana tovuti, naye akaenda mjini kwa dada mmoja anayejua kuzitengeneza.

Yule dada hakugusa kompyuta. Alifungua daftari kwanza, akamuuliza, "Kaka, nani atafungua ukurasa huu?"

"Watu wote."

"Hao watu wote mimi siwajui. Nitajie mmoja."

Akafikiri. "Tuseme mama anayemwoza binti yake."

"Huyo mama anataka nini?"

"Anisikie ninavyopiga. Ajue siku ninayopatikana, na namba yangu."

"Basi hayo ndiyo tutakayoweka. Mengine ni mbwembwe."

Wakaweka picha moja nzuri, video ya dakika mbili, maneno machache ya yeye ni nani, na namba ya simu juu kabisa, kubwa, hata aliyesahau miwani nyumbani aione. Chini wakaweka kalenda. Siku nyeupe iko wazi, siku nyekundu imechukuliwa.

Siku ya kuifungua tovuti, yule dada alimwambia ampigie mtu aliye mbali. Akampigia binamu yake aliyeko Kanada. Punde si punde binamu akasema, "Nakuona, ndugu yangu. Nakusikia." Na kweli, ndani ya simu akasikia tarumbeta lake mwenyewe likilia huko kwenye theluji. Machozi yalimlengalenga. Pumzi aliyoipuliza kando ya migomba yake ilikuwa imevuka bahari kabla hajameza mate. Wapendwa, sisi tumezoea mno, tunapangusa kioo kwa kidole huku tunapiga miayo. Lakini lile ni jambo la kumtetemesha mtu, na yeye lilimtetemesha.

Shida ilikuwa kalenda. Mwezi mzima ulikuwa na siku mbili tu nyekundu, nyingine zote nyeupe. Kila akiitazama, aliona aibu. Akampigia yule dada.

"Dada, niongezee nyekundu."

"Umepata kazi?"

"Sijapata. Lakini nani anaingia kwenye mgahawa usio na watu? Wakiona nimejaa, watanigombania."

"Kaka, mgahawa ukijaa mtu atasimama mlangoni angoje kiti. Harusi haingoji kiti."

Hakusikia. Ukurasa ni wake na ufunguo anao, akaanza kupaka mwenyewe. Jumamosi ile, nyekundu. Jumapili, nyekundu. Akaandika na majina ya kazi: harusi ya mheshimiwa, sherehe jijini, ibada kubwa ya mkoa. Ilipofika wiki ya tatu, hapakuwa na siku nyeupe hata moja kwa miezi mitatu mbele. Na ajabu, simu ikazidi kunyamaza. Jumamosi ya "harusi ya mheshimiwa" alishinda akipalilia migomba. Siku ya "sherehe jijini" alikaa barazani akisugua tarumbeta ambalo halikuwa na vumbi. Mnaona alivyojifungia? Na alipoona simu kimya, akadhani nyekundu hazijatosha. Akapaka mwezi wa nne.

Basi asubuhi moja akaletewa habari kwamba yule mzee wake, aliyemlea na kumpa pumzi, amefariki. Hata kuugua kwake hakukusikia. Akachukua tarumbeta, akavuka vilima vitatu kwa miguu, akafika msibani jasho likimtoka.

Binti wa marehemu alipomwona, alisimama akamshika mikono yote miwili.

"Kaka, umekuja. Hatukukutegemea. Tuliona leo una kazi jijini."

Akainamisha kichwa.

"Baba aliumwa miezi mitatu," binti akaendelea. "Kila asubuhi, kabla ya uji, ananiambia: nifungulie ukurasa wa mwanangu. Anakuangalia unavyopiga, halafu ananiuliza, binti yangu, kuna siku nyeupe? Namwambia hakuna, baba. Anatabasamu. Anasema, mnaona nilichomfundisha? Dunia nzima inamtaka."

"Kwa nini hamkunipigia?"

"Nilishika simu mara mbili, namba yako iko pale juu. Akanizuia mkono. Alitaka umpigie wimbo mmoja tu, ule wa Pasaka, lakini akasema huyo sasa ni mtu wa watu, tusimsumbue. Tungoje siku iliyo wazi." Akajifuta macho kwa pembe ya kanga. "Na leo umeacha kazi ya wakubwa, umekuja kumzika. Mungu akulipe."

Mzee wa kanisa naye akasimama mbele ya waombolezaji wote, akamshukuru kwa sadaka hiyo kubwa. Watu wakaitika, "Amina." Na yeye amesimama katikati yao, amebeba shukrani ambayo si yake, hana pa kuitua.

Kaburini wakamwomba apige. Akapiga ule wimbo wa Pasaka, wote, tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyekohoa, hata watoto mgongoni walitulia. Alipoteremsha tarumbeta akagundua kwamba wimbo ule, uliongojewa miezi mitatu, ulichukua dakika nne.

Sasa hamcheki. Na mimi sicheki, maana kalenda ile naijua. Sisi hatuna tovuti, lakini rangi nyekundu tunayo. Mtu akitupigia tunasema, "Niko kwenye kikao," na kikao ni sisi na runinga. Tunasema, "Nitakutafuta," na wote wawili tunajua hakuna atakayetafutwa. Tumeona kuwa na nafasi ni aibu. Na wanaotupenda, kwa sababu wanatupenda, wanatuamini. Wanazuia mkono wa anayetaka kutupigia.

Lakini yuko mmoja, wapendwa, na hapa ndipo mimi nguvu huniishia. Yuko anayeliinua jua kila asubuhi na hajachelewa hata mara moja. Anazipitisha nyota angani bila mbili kugongana, na mtoto wa tumboni asiyejulikana na mtu yeyote, hata mama yake hajajua, Yeye anamfuma kidole kwa kidole. Kama kuna mwenye haki ya kusema amebanwa, ni huyo. Na juzi wewe ulimwita ukiwa unakaanga maandazi, mikono ina unga, hujavaa hata viatu. Alikwambia urudi wiki ijayo? Alikusikiliza kana kwamba duniani hayupo mwingine.

Sasa, jina la mtu limekujia tangu nilipoanza kusema. Nimeona nyuso zenu. Usilifukuze. Tukitoka hapa, kabla hujaanza kusalimiana na watu nje, mpigie. Usimwambie nitakutafuta. Mwambie nakuja leo, kisha uende, maana sisi hatujui amebakiwa na asubuhi ngapi za kuuliza.