Sikudhani na Chumba Kisicho na Makuti

Paukwa!

Pakawa!

Ilikuwa wapi?

Ilikuwako!

Sogeeni basi, anayekohoa akohoe sasa, anayetaka maji anywe sasa, maana nikishaondoka sirudi nyuma.

Hapo kale palikuwa na mji uitwao Kikaango, na jina hilo lilikuwa haki yake. Jua la Kikaango lilichoma mchana, likachoma alasiri, na likishatua ardhi nayo ikaendelea kuchoma. Kuku wa mji huo walitembea kwa kurukaruka. Mnacheka? Nendeni mkawaulize.

Katika mji huo aliishi mwanamke kijana, Sikudhani. Alimuuguza bibi yake miaka na miaka, na bibi alipokaribia kuondoka alimshika mkono, akasema mbele ya majirani, "Nyumba hii ni yako." Akafa.

Lakini nyumba gani! Paa lilikuwa limeangukia ndani. Kuta zilikuwa na nyufa za kupitisha paka. Na uani hapakuwa na jani hata moja, udongo mtupu, mweupe, mkavu kama unga.

Sikudhani alikuwa na ami yake, ndugu wa baba yake, Mwinyihaji. Ami alikuwa na nyumba yake kubwa, ila akaitamani na hii. Hakusema "toka". Wahenga walinena, akufukuzaye hakwambii toka. Alikwenda na Sikudhani kwa wazee wa mji, akasema kwa sauti ya upole, "Hili ni gofu. Mwanangu huyu ataliweza? Nampa miaka mitatu. Siku ya mwisho nitakuja adhuhuri. Nikiketi ndani ya kila chumba nisiguswe na jua, nyumba ni yake. Jua likinigusa, ni yangu."

Wazee wakamtazama Sikudhani. Sikudhani akasema, "Nimekubali, ami."

Akamwita fundi Chande, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Chande akazunguka nyumba, akagonga kuta, akatikisa kichwa.

"Kuta zitasimama," akasema. "Nataka udongo, nataka chokaa, nataka maji."

Maji! Kisima kilikuwa mbali, na Sikudhani aliweza kuleta mitungi miwili tu kwa siku. Mmoja wa kupikia na kuogea. Mmoja wa fundi. Na bado alikuwa amepanda miche uani: mpapai, mkomamanga na mpasheni, ule mti wa kutambaa.

"Bibie, chagua," Chande akasema. "Ukuta au mche."

"Nyumba isiyo na tunda uani, fundi, mtu atakaaje ndani yake? Vyote viwili ni nyumba."

Mwaka wa kwanza alipanda katikati ya ua. Jua likaitazama ile miche siku saba. Siku ya nane haikuwapo.

Sikudhani alikaa chini, akalia kidogo. Kisha akainuka, akaenda kisimani.

Mwaka wa pili alipanda kando ya ukuta, penye kivuli. Miche ikachipua, akafurahi. Kumbe hapo ndipo Chande alipooshea ndoo zake za chokaa! Majani yakageuka manjano, yakaanguka moja moja.

"Nimekuulia miti," fundi akasema, kichwa chini.

"Hukujua, na mimi sikukwambia."

Akalia kidogo. Kisha akainuka, akaenda kisimani.

Mwaka wa tatu hakupanda haraka. Alitazama kwanza. Akaona nyuma ya chumba cha mwisho, pale maji ya kuogea yanapotokea, kuna majani mawili ya magugu, mabichi. Akasema moyoni, kumbe ardhi hii haikatai, inaomba. Akachimba hapo. Akachukua yale makuti yaliyooza ya paa lililoanguka, akayarundika kuzunguka mashina, udongo usikauke. Akachukua mtungi uliotoboka, akaufukia kando ya mizizi, akawa anautia maji kidogo, nao unayatoa tone kwa tone. Na mchana aliiwekea miche kipande cha mkeka, kama mtu anavyomkinga mtoto.

Mpapai ukakaa. Mkomamanga ukakaa. Mpasheni? Aa! Mpasheni ulikimbia. Ukashika ukuta, ukashika dirisha, ukatafuta pa kwenda.

Na kuta nazo zikapanda. Chande akaziba nyufa, akapaka chokaa, akahamisha na mlango wa chumba cha nyuma ukawa unatokea uani. Chumba cha mbele kikaezekwa. Cha kati kikaezekwa. Kwenye chumba cha nyuma wakapanga boriti, wakafunga fito, wakaenda kutafuta makuti.

Makuti hakuna. Mji mzima hakuna! Ami Mwinyihaji alikuwa ameyanunua yote, hata ya mwisho, akayalaza nyuma ya nyumba yake.

"Basi, bibie," Chande akasema. "Tumeshindwa kwa chumba kimoja, na imebaki miezi minne."

Sikudhani alikuwa anautazama mpasheni. Ulikuwa umetuma mkono mmoja mwembamba, unapapasa ukuta, unapapasa, unakaribia boriti ya kwanza.

"Fundi," akasema, "nipandishie ngazi."

Kila asubuhi akawa anapanda. Mkono huu anaupeleka huku, anaufunga kwenye fito. Ule anaupeleka kule. Jioni anautia mtungi maji. Majani yakalala juu ya majani, na juu yake majani tena.

Siku ikafika. Adhuhuri, jua kama pasi ya mkaa. Ami Mwinyihaji akaja na wazee watatu na majirani. Akaketi chumba cha mbele, hakuguswa. Akaketi cha kati, hakuguswa. Akatabasamu, maana alijua habari za chumba cha nyuma.

"Ami," Sikudhani akasema, "umechoka. Zungukeni kwa uani, mpumzike na kula kitu kwanza."

Wakazunguka juani, jasho likiwatiririka. Wakaingia mlangoni. Mtu aliyetoka kwenye jua kali, akiingia ndani haoni vizuri, si ndiyo? Ami aliona kuta nyeupe na mkeka safi, na ubaridi ukampokea. Akaketi. Sikudhani akaleta papai lililokatwa na pasheni zilizopasuliwa. Ami akala. Akala tena. Akalegeza kofia.

"Lo! Hapa pazuri," akasema. "Sijaona baridi kama hii Kikaango. Hata usingizi unanijia."

"Jua halikugusi, ami?"

"Jua liko wapi hapa! Haya, tumalize kazi. Nionyeshe chumba cha nyuma."

Sikudhani akapiga goti, akampokea sahani.

"Ndicho ulichokalia, ami."

Ami akainua macho. Aliona boriti. Aliona fito. Aliona majani, majani, majani, na pasheni zinaning'inia kama taa.

"Hili si paa!" akapiga kelele. "Hili ni shamba! Mvua ikinyesha?"

Bi Mwanakheri, mzee kuliko wote waliokuwapo, akasema taratibu, "Mwinyihaji, mvua hukuitaja. Ulitaja jua. Na jua umetuambia mwenyewe liko wapi."

Watu wakacheka, si kwa kelele, wakacheka tu. Wazee wakasema nyumba ni ya Sikudhani.

Lakini yeye hakucheka. "Ami anasema kweli," akasema. "Masika yakija nitalowa. Makuti yamelala kwako, panya wanazalia humo. Mimi ni mtoto wako, naomba."

Kuna aibu inayokasirisha, na kuna aibu inayolainisha. Ami Mwinyihaji akachukua pasheni nyingine, akaila mpaka ganda.

Kesho yake punda wakaja na makuti. Chande akaezeka, na mpasheni wakaushusha polepole, wakautandaza juu ya kichanja uani, ukaendelea kuzaa huko huko.

Baada ya siku nyingi ami akaja peke yake. Akasimama mlangoni, akakohoa.

"Mwanangu, ua wangu ni mkubwa, lakini hauna kitu. Nipe mbegu."

Sikudhani akampa mbegu, kiganja tele. "Karibu, ami. Ila maji utateka mwenyewe."

Na jioni ile watu wa Kikaango walimwona Mwinyihaji, mtu mzima, mwenye nyumba kubwa, anarudi kisimani na mtungi begani, anayumba, maji yanamwagikia mgongoni, anacheka peke yake.

Mimi nimefika kizingitini, mlango naurudisha. Hadithi ikiwa tamu, wapelekeeni waliobaki nyumbani. Ikiwa chachu, tieni sukari, mnywe.