Nta Kwenye Ufunguo

Wahenga walisema kuwa mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Mwenye kikohozi aweza kuziba mdomo kwa kiganja, akageuza uso, hata akajitia anasafisha koo. Mwishowe kitamtoka mbele za watu.

Katika kituo kimoja cha polisi palikuwa na mpelelezi aliyebandikwa jina la Jiwe. Uso wake haukusema lolote, na wezi sugu waliungama kwa kuchoshwa na ukimya wake tu. Miaka arubaini ilimkuta hana mke, na dada yake alikuwa amenyoosha mikono kwa kumtafutia wachumba.

Asubuhi moja mkufu wa dhahabu wa bibi harusi ulitoweka kabatini katika duka la sonara. Kabati halikuvunjwa. Ufunguo alikuwa nao mtu mmoja tu: fundi wa duka hilo, mjane mwenye sauti ya upole na vidole vilivyobabuka kwa moto wa kuyeyushia dhahabu. Jiwe alipomhoji, alijibu bila kubabaika huku akisugua pete.

"Ningetaka kuiba, ningekuwa nakung'uta vumbi la dhahabu mezani hapa kila siku, wala usingeitwa."

Jiwe akatabasamu. Tabasamu lile lilimshtua mwenyewe.

Kesho yake alirudi, na keshokutwa pia, akiuliza yale yale aliyokwisha kujibiwa. Kituoni alijitia hamnazo. Siku ya nne, alipouchunguza ufunguo wa kabati, aliona chembe za nta kwenye meno yake. Kumbe mtu aliubana kwenye nta ili achongeshe wa pili. Na nani aliyeushika ufunguo ule kutwa kucha kama si mjane? Ukucha mmoja ungetosha kuikwangua nta ile, na asingejua mtu.

Alisimama kitambo ufunguo ukiwa kiganjani. Kisha akautia katika bahasha ya ushahidi, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wake, mama wa makamo asiyependa maneno mengi.

"Afande, nimepata kitu kinachomwelemea yule fundi. Na naomba kesi hii apewe mwingine."

"Kwa nini?"

"Nampenda."

Mkuu aliendelea kutia saini karatasi zake. "Kituo kizima kinajua, mwanangu. Hata mfagizi ameniuliza harusi ni lini. Nilikuwa nakungoja uje mwenyewe. Kesho ingefika hujaja, ningekusimamisha kazi."

Kesi akapewa mwenzake waliyemwita Mrefu. Mjane akawekwa rumande siku tatu, na siku hizo chakula kilimshinda Jiwe. Mrefu aliuzungusha ufunguo kwa wachonga funguo wote mjini, hadi mmoja akaukumbuka. Alama yake katika nta ililetwa na shemeji wa mwenye duka. Bwana huyo alikuwa akija karakana kila mchana kunywa chai, na fundi aliuacha ufunguo mezani alipokwenda kunawa mikono. Mkufu ulikutwa umeshonewa ndani ya mto wa kulalia wa shemeji huyo.

Mjane alipoachiwa, Jiwe alimfuata karakana bila daftari.

"Ni mimi niliyeipeleka nta ile," alisema. "Ulilala rumande kwa sababu yangu."

"Najua, Mrefu aliniambia." Mjane aliweka patasi chini. "Ungeikwangua, yule bwana angekuwa bado anakunywa chai hapa, nami ningeitwa mwizi hadi kaburini. Kwa hilo nakushukuru. Na lile jingine sikuhitaji kuambiwa."

"Lipi?"

"Mtu mwenye akili timamu haulizi jina la mtu mara tatu." Akamvutia kiti. "Kaa, basi. Leo niulize jipya."

Jiwe akaketi, akauliza. Mwaka haukwisha, dada yake akapata wifi bila kumtafuta, na mfagizi wa kituo akawa wa kwanza kualikwa. Hakika, mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika.