Dewa Mvukuto Aliyevunja Siwa ya Shirawe

Sogeeni, watu wa Shirawe, na kila mmoja amtazame vizuri aliyekaa karibu naye, maana habari hii ni ya watu waliotazamana kwa jicho la pembeni mpaka mji ukakaribia kuwaponyoka.

Zama zile, kabla hapa hapajaitwa mji, koo saba za babu zenu zilikuwa zimetawanyika vichakani kwa kuwakimbia wavamizi, kila ukoo ukilala na mikuki yake, na hakuna aliyemwamini mwenzake hata kwa kumwazima kaa la moto. Ndipo alipotokea Dewa, mwana wa Mtoi wa Kizimba, mjukuu wa Shembwana mchimba visima. Dewa Mvukuto, aliyeitwa hivyo kwa sababu kifua chake kilivuta na kutoa pumzi kama mivukuto ya wahunzi. Dewa mbeba siwa peke yake, siwa ya pembe ya ndovu iliyowataka wanaume watatu kuinyanyua. Akapanda nayo jabali hili mnaloliona, akaipuliza siku tatu mfululizo, akinyweshwa uji kati ya pumzi na pumzi, na siku ya nne koo zote saba zilikuwa zimetoka vichakani, zimesimama chini ya jabali, zinaoneana haya.

Dewa akatamka: "Mji huu umezaliwa kwa pumzi. Atakaye kunena barazani na aipulize siwa kwanza, kwa pumzi yake mwenyewe, mwanamume kwa mwanamke. Asiyeitoa sauti, neno lake ni uvumi, na uvumi hauingii barazani. Na atakayeivunja siwa, mji umtapike, awe nani."

Watu wakaitikia kwa kishindo. Sheria ilikuwa njema kwa siku ile, kwani iliwafungia nje waoga na wasema chinichini, ambao walikuwa wengi. Lakini wote waliokuwa wamesimama pale walikuwa vijana, na kijana hana habari kwamba kifua nacho huzeeka.

Mwaka wa pili wa mji, korongo la kaskazini, lililokuwa kavu tangu lijulikane, likashuka na maji ya milimani mchana kweupe, likawabeba watoto kumi na mmoja waliokuwa wakiwinga ndege mashambani. Dewa na wenzake wakajenga ukuta wa mawe kule kaskazini, mrefu, uliopinda kuelekea magharibi, wapate kuyageuza maji yakirudi. Kisha wakafanya jambo ambalo watu wa Shirawe peke yao ndio wangelifanya: wakala yamini kwamba msiba ule usitajwe tena kwa kinywa, ili mama za watoto wale wapate usingizi. Mtoto akiuliza ukuta ule ni wa nini, mkubwa hutazama pembeni. Hilo lilikuwa kosa, na silifichi, ingawa babu zangu walikuwemo.

Miaka arobaini na mitatu ikapita. Korongo halikuleta hata tone. Mivukuto ya Dewa ikatoboka moja moja, kikohozi kikahamia kifuani mwake kama mpangaji asiyetaka kutoka, na wenzake wakawa wa mikongojo. Mzee akiingia barazani siku zile alionyeshwa mkeka wa nyuma, akaletewa kahawa na tende, akapigiwa shikamoo kwa adabu zote, kisha asiulizwe kitu. Dewa alikunywa kahawa hiyo miaka saba, na kila kikombe kilizidi kumchoma.

Mkuu wa baraza wakati huo alikuwa Mwinyi Jaka, mwana wa dada yake Dewa, mpuliza siwa hodari kuliko wote wa rika lake. Jaka alitaka kujenga ukumbi mpya wa baraza, wa ghorofa, na mawe ya kujengea alikwisha kuyaona: ukuta wa kaskazini, ambao kwa macho yake haukumzuia adui yeyote wala haukufunga shamba la mtu. Desturi ya Shirawe ilikuwa kwamba neno la kubomoa au kujenga litamkwe barazani mara tatu, katika mikutano mitatu. Jaka akalitamka mara ya kwanza. Akalitamka mara ya pili.

Dewa aliposikia ya pili alifunga kilemba chake, akaenda nyumbani kwa mpwa wake.

"Jaka, ukuta ule usiguswe. Korongo lile lina maji."

"Shikamoo, mjomba. Maji gani? Mimi nina miaka arobaini, sijaona hata tope."

"Yalikuja kabla hujazaliwa. Yaliwachukua watoto kumi na mmoja. Mmoja alikuwa dada yako mkubwa."

"Mama hajaniambia kamwe kwamba nilikuwa na dada."

"Tulikula yamini."

"Miaka arobaini na mitatu hamkusema, na leo ninapotaka mawe ndipo mnakumbuka?" Jaka akamwinamia kwa sauti ya chini. "Mjomba, niambie kweli. Kuna nini chini ya ukuta ule?"

Dewa akaondoka bila kuaga. Kesho yake mji mzima ulikuwa ukinong'ona kwamba wazee wamezika kitu kaskazini: wengine wakasema dhahabu, wengine wakasema pembe, wengine wakasema maiti ya mtu aliyeuawa kwa siri siku za kuanzishwa mji. Wazee wakieleza habari ya mafuriko vibarazani mwao, vijana huitikia "ndiyo, babu", kisha hukonyezana. Na maneno ya vibarazani hayakuwa na uzito, kwa kuwa hayakutanguliwa na siwa. Wale wazee nao wakaanza kushukiana wao kwa wao: nani aliyeivunja yamini kwanza, na nani anayepeleka habari kwa Jaka?

Mwenyewe Dewa alishika imani mbaya kuliko wote. Alijiambia kwamba Jaka amekula njama na watu wa nje, kwamba ukuta ukishuka adui ataingia, kwamba wanataka kummaliza yeye kwanza. Akaanza kunusa chakula. Mkewe, Mwana Heri, akamtazama akinusa bakuli la mchuzi, akaweka mikono kiunoni.

"Baba Zena, kula. Ningetaka kukuua, miaka yote hii ningekuacha ujipikie mwenyewe."

Alikula, lakini hakucheka. Na hapa nimtendee haki Jaka: hakuwa na njama na mtu. Alitaka ukumbi wenye jina lake, basi, na alikuwa amechoka na wazee wanaotazama pembeni. Kila mmoja alimshuku mwenziwe kwa dhambi asiyoitenda, na katikati yao umesimama ukuta, na nyuma ya ukuta milima, na mawingu ya masika yameanza kukaa juu yake.

Siku ya mkutano wa tatu Dewa aliingia barazani, akaupita mkeka wa nyuma, akasimama mbele ya siwa. Akaikumbatia pale ilipolazwa, akaiwekea mdomo, akavuta pumzi yote iliyobaki katika mwili ule uliowahi kuziita koo saba. Ikatoka sauti kama mlango wa banda la mbuzi. Kijana mmoja akacheka, na kicheko kikapokewa na safu nzima. Dewa akajaribu tena. Kikohozi kikamkunja mpaka magoti yakagusa sakafu.

Jaka hakucheka. Alishuka, akamshika mkono, akasema kwa upole uliouma kuliko kicheko, "Mjomba, sheria ni yako mwenyewe. Nenda ukakae, uletewe kahawa."

Dewa aliinua macho akayazungusha usoni mwa watu, uso mmoja baada ya mwingine, akitafuta mmoja tu ambao ungesema mwacheni anene. Wenzake wa mkeka wa nyuma walitazama mikongojo yao. Hapo aliona jambo ambalo hakuliona kwa miaka yote ile: kwamba adui aliyemtafuta ndani ya bakuli la mchuzi alikuwa ni neno lililotoka kinywani mwake yeye, siku ile juu ya jabali, akiwa na nguvu zake. Moyo ukamuuma, ukamuuma hasa.

"Niacheni nijaribu mara ya tatu," akasema.

Wakamwacha. Dewa akainama, akapitisha mikono chini ya siwa, siwa ya wanaume watatu. Mishipa ikamsimama shingoni, mifupa ikalia, naye akainyanyua mpaka juu ya kichwa chake kama siku za ujana. Watu wakaanza kushangilia. Ndipo alipoibwaga juu ya kizingiti cha jiwe, ikapasuka vipande vitatu, na katika vile vitatu hakikubaki hata kimoja cha kupuliza.

Mwinyi Jaka akaruka, mdomo wazi, apate kutamka hukumu. Dewa akamnyooshea kidole.

"Puliza kwanza."

Jaka akafumba mdomo. Mwingine akasimama, wazee wa mkeka wa nyuma, ambao sasa walikuwa wameelewa, wakamwambia kwa pamoja, "Puliza kwanza!" Hakuna aliyeweza kumhukumu Dewa, hakuna aliyeweza kulitamka neno la tatu la ukuta, hakuna aliyeweza hata kufunga mkutano. Walikaa pale mpaka adhuhuri, kisha wakatoka mmoja mmoja, kila mtu akijisikia mwizi.

Shirawe ikakaa siku kumi na moja bila baraza. Jaka aliwaendea waashi mara mbili, akawaambia waanze kubomoa, neno litafuata. Mkuu wa waashi akamjibu, "Bwana wangu, tukibomoa bila neno, kesho utasema umetuamuru?" Jaka akasema atasema. Waashi wakatazamana, na hakuna aliyeshika mtaimbo, kwa kuwa kila mmoja aliwaona wenzake wakimruka siku ya hukumu. Hivyo ukuta ukaokolewa na kutoaminiana, ambako ndiko kulikotaka kuuangusha.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, maji yakaja. Hayakunguruma kwanza, yalianza kwa upepo baridi na harufu ya udongo, kisha korongo likajaa ng'ambo hii na ile, magogo na mizoga ndani yake. Yakaupiga ukuta, yakapanda mpaka kimo cha kifua cha mtu, yakajikunja, yakageukia magharibi, yakachukua mabanda na mashamba ya mtama huko. Mjini hayakuingia. Watu walisimama juu ya madari wakiyatazama yakipita, na mama yake Jaka, bikizee wa miaka themanini, akaanza kuita jina la binti ambalo mwanawe hakuwahi kulisikia.

Jioni yake Jaka akaenda nyumbani kwa Dewa na mji mzima nyuma yake, akaketi chini, mavumbini.

"Mjomba, tupe neno. Hatuna siwa."

Dewa akasimama mlangoni pake, akatamka kwa ile sauti iliyobaki, na watu ikabidi wanyamaze wapate kuisikia: "Nilikosa nilipoipa pumzi cheo kuliko akili. Kuanzia leo anene kila aliye wa mji huu. Baraza likifunguliwa, wazee ndio waanze kusema, wakiwa wameketi. Asiyeweza kutembea abebwe; asiyeweza kubebwa afuatwe kitandani kwake, aulizwe, asubiriwe mpaka amalize, hata akichelewa, hata akizunguka. Nanyi wazee, msile tena yamini ya kunyamaza. Mwenye kujua akificha, asilalamike akishukiwa."

Kisha akaingia ndani, akatoka na fimbo na mkeka.

"Unakwenda wapi?" Jaka akauliza.

"Aivunjaye siwa, mji umtapike, awe nani. Sheria ile sijaifuta. Nikibaki, mtasema Dewa aliwatafutia wazee sauti ili ajiponye mwenyewe."

"Hakuna atakayesema hivyo, mjomba!"

"Mtasema," akajibu Dewa. "Nawajua. Hata mimi ningesema."

Mwana Heri alimfuata mpaka kwenye ukuta, wakasimama pamoja kitambo, na walichoambiana Mwana Heri hakukieleza kwa mtu hadi alipofariki. Dewa akauvuka ukuta, akashika njia ya milimani kupitia kwenye tope, asigeuke.

Kesho yake baraza likafunguliwa. Wakambeba Mwana Tiji, mfinyanzi, mkongwe kuliko wote wa mji, juu ya kitanda cha kamba, wakamweka katikati. Alikuwa hajanena barazani kwa miaka ishirini na tano. Jaka akapiga goti, akasema, "Bibi, shikamoo. Neno la kwanza ni lako."

Bikizee yule akawaangalia kwa mashaka, kama mtu anayeuziwa chungu chenye ufa.

"Marahaba. Basi na niulize," akasema. "Huyu Dewa aliyeondoka jana. Nani aliyekubali aende?"

Hakungoja jibu, akaendelea:

"Mmesema sisi tutaulizwa kwanza. Mimi sikuulizwa. Mama yako, Jaka, ameulizwa? Mkewe ameulizwa? Mwanamume mmoja ametamka, mji mzima ukakaa chini ukamtazama akienda, kama siku zote."

Jaka akainuka, akawatuma wapiga mbio saba, mmoja wa kila ukoo, wamrudishe. Walikwenda siku tisa milimani. Waliona nyayo kwenye tope mpaka tope lilipokwisha na mwamba ukaanza, na kutoka hapo hakuna mtu aliyemwona Dewa Mvukuto, akiwa hai wala akiwa maiti, na kaburi lake halijulikani mpaka leo.

Ndiyo maana, enyi watu wa Shirawe, baraza letu halifunguliwi kwa siwa wala kwa ngoma. Aliye mkongwe kuliko wote huketishwa katikati, naye huuliza, hata kama jambo lenyewe ni la mbuzi aliyepotea: "Nani hajaulizwa?" Na mji mzima huangalia huku na huku, ukitafuta uso uliokosekana, na hakuna atamkaye neno mpaka aliyetajwa amefuatwa.